Uhasibu ukubwani: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Safu ya leo yote naitoa kwa watu wazima wanaotaka kurudi darasani kusoma uhasibu ili wapande kazini. Barua zimetoka Ujiji, Uvinza, Kasulu, Urambo na kwingineko. Nimezifupisha, ila hoja za wenyewe sijazigusa.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, ni karani wa stoo karibu na bandari ya Kigoma. Bosi wangu ni kijana mwenye stashahada, na kazi nilimfundisha mimi. Je, sijachelewa? (Ujiji)

Marahaba. Hujachelewa. Chuo kitakuuliza cheti cha kidato cha nne, hakitakuuliza umezaliwa lini. Ukianzia ngazi ya cheti, yaani NTA 4, na usikwame njiani, stashahada (NTA 6) unaimaliza ndani ya miaka mitatu. Utakuwa na miaka 46. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na 60, na wa sekta binafsi kama wewe, wengi wanaendelea hata baada ya hapo.

Tena unacho kitu ambacho kijana wa miaka 20 hana. Yeye somo la bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka analisoma kama maneno. Wewe umeshahesabu mifuko ya saruji usiku, ukakuta imepungua, ukatakiwa utoe maelezo asubuhi. Wala huhitaji kuhamia Dar es Salaam: Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi hapahapa Kigoma.

Kidato cha nne nilipata D mbili tu. Kuna mtu ananiambia atanipitisha chuoni hivyo hivyo, nimpe hela ya usumbufu. (Uvinza)

Usimpe hata shilingi. Ngazi ya cheti inataka ufaulu usiopungua D nne katika masomo yasiyo ya dini, na anayekuahidi mlango wa nyuma anakuuzia karatasi ambayo siku ya uhakiki wa vyeti itakufukuzisha kazi. Watu wengi nchini walipoteza ajira kwa njia hiyo, wengine wakiwa na utumishi wa miaka mingi.

Jiandikishe mtihani wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima vinafundisha watu wa aina yako, wanaotoka kazini jioni. Chagua masomo yatakayokubeba mbele: Kiingereza, Hisabati, Biashara, utunzaji wa hesabu. Mwaka mmoja utaonekana mrefu, lakini cheti utakachokipata hakuna wa kukuuliza umekitoa wapi. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya aina hii.

Nina F ya Hisabati. Nauza mawese na ninataka kusomea uhasibu niajiriwe. Nikiona namba nyingi kichwa kinauma. Nitaweza? (Mwanga)

Swali hili nalipenda, na nitakaa nalo kidogo. Kazi ya kila siku ya mhasibu inataka kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, asilimia na uwiano. Chuoni lipo somo la hesabu za biashara na takwimu, nalo lina jasho lake. Lakini watu wazima niliowaona wakikata tamaa hawakushindwa na namba. Walishindwa na mantiki ya pande mbili, kwa sababu waliikariri badala ya kuielewa.

Tuseme umenunua mashine ya kukamua mawese kwa shilingi 6,000,000. Umelipa taslimu 4,000,000, na fundi anakudai 2,000,000. Mali yako imeongezeka mashine ya milioni sita, fedha taslimu imepungua milioni nne. Kwa hiyo mali kwa jumla imeongezeka milioni mbili. Upande wa pili, dhima, yaani madeni unayodaiwa, imeongezeka milioni mbili za fundi. Pande zimelingana. Kila muamala duniani, uwe wa genge au wa benki kuu, unaandikwa kwa mantiki hiyo: mali ni sawa na dhima ukijumlisha mtaji.

Sasa twende hatua moja mbele. Unategemea mashine ikufanyie kazi miaka mitano, kisha uiuze kama chuma chakavu kwa 1,000,000. Toa milioni moja kwenye sita, zinabaki tano. Gawanya kwa miaka mitano. Uchakavu wa kila mwaka ni 1,000,000. Usipoiweka milioni hiyo kwenye gharama, kila mwaka utaamini umepata faida kubwa kuliko uliyopata, utailipia ada na harusi, na siku mashine itakapokufa utakuta hela ya kununua nyingine ulishaila. Kama umeelewa aya hizi mbili, kichwa chako hakina tatizo.

Chukua daftari leo. Kwa mwezi mzima andika kila ununuzi na kila mauzo ya mawese pande mbili, na jioni linganisha fedha iliyoandikwa na iliyomo mkobani.

Kitakachokusumbua zaidi ni lugha, maana masomo na mitihani ni kwa Kiingereza. Hapo nina ushauri ninaoupenda: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ziweke mbili pamoja, usome aya kwa aya. Utajifunza lugha ya kazi, na utaona pia hesabu mbovu zinavyoumiza watu wa kijijini.

Nilisomea uhazili Tabora, sasa ni katibu muhtasi halmashauri. Nikimaliza stashahada ya uhasibu nitabadilishiwa kada moja kwa moja? (Kasulu)

Hapana, dada yangu, na ni vizuri ulivyouliza kabla. Kubadilishiwa kada kunategemea muundo wa utumishi wa kada unayoiendea, nafasi kuwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na bajeti ya mshahara. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia kwa mkuu wako wa idara, na nakala ya barua uitunze. Hata kama unasoma jioni, mwajiri awe na taarifa. Inauma kuona mtu ameleta cheti kizuri ofisini, kisha anaambiwa kwamba hayumo kwenye mpango wa mafunzo.

Wakati unasoma, omba uketi na watu wa idara ya fedha wanapoandaa malipo kwenye MUSE, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali. Utakapofika kwenye somo la hesabu za serikali utakuwa unasoma jambo ulilokwisha kuliona.

Mimi ni mtunza hesabu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya tumbaku. Kila wakaguzi wakija nakosa usingizi. Nisome nini? (Urambo)

Kaka, kazi yako ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Tumbaku bei yake ni ya dola, pembejeo mkulima amekopeshwa tangu mwanzo wa msimu, makato yanapita kwenye chama, na kila mkulima anataka kujua kwa nini amepata alichopata. Mtu wa leja ya kawaida anapotea hapo.

Nakushauri uhasibu wa ushirika. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi Kizumbi, Shinyanga, ambako ni karibu na kwenu kuliko Moshi. Ila usingizi unaweza kuupata hata kabla ya chuo. COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, wakija watataka kuona mambo yale yale: kila hati ya malipo ina kiambatisho na saini, stakabadhi zinafuatana kwa namba, na usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, umefanywa kila mwezi. Tarehe na kiwango cha kubadilisha dola andika kwenye kila malipo. Leja ya kila mkulima isomwe mbele yake, aweke saini. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu fedha ile ni jasho la familia nzima.

Nina shahada ya ualimu. CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, inawezekana? (Tabora mjini)

Inawezekana. Mitihani ni ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na mihula yake mikuu ni Mei na Novemba. Mwenye shahada ya fani nyingine huanzia hatua ya msingi, kisha ya kati, kisha ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu huruka ile ya kwanza. Kufaulu mitihani hakutoshi: usajili kamili unataka pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, kwa hiyo anza kutafuta kazi ya hesabu mapema, hata kama ni ya shule yako.

Nikijua programu ya Tally au QuickBooks si inatosha? (Kibondo)

Haitoshi. Programu inajumlisha ulichokiingiza. Ukiingiza mkopo kama mapato, itakuonyesha faida nzuri ya uongo.

Nimeajiriwa, mshahara mdogo. Mume wangu anasema ada ni kupoteza hela. Bodi ya Mikopo itanisaidia? (Gungu)

Mwenye ajira rasmi hastahili mkopo wa HESLB, kwa hiyo usipange maisha juu yake. Angalia SACCOS ya kazini kwako, na uulize chuo kama ada inalipwa kwa awamu. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Kigoma, nacho hukuruhusu kusoma huku ukiendelea na kazi.

Kuhusu mzee, kaeni naye jioni moja na karatasi. Upande mmoja andikeni ada, vitabu, nauli na muda utakaokosekana nyumbani. Upande wa pili andikeni mshahara wa sasa na wa nafasi unayoitaka. Mwachie yeye ajumlishe.