Fildi makumbusho: nafuta vumbi tu, nihame?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nasoma historia mwaka wa pili, niko fildi kwenye makumbusho moja ya mkoa, nilidhani ntapanga maonesho kumbe wiki ya tatu hii nafuta vumbi na kuandika namba kwenye vyungu, juzi ndo nikapewa niandike lebo ya kanga ya zamani nikajaza ukurasa mzima, bosi akaichana akasema maneno hamsini basi. Niombe kuhama?
Mwanafildi, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame. Hata mi nilianzia stoo na nikanuna hivyohivyo, ila chungu kikipoteza namba hakuna atakayejua kilitoka kijiji gani wala nani alikileta, kinabaki chungu tu kama cha jikoni kwenu. Namba yenyewe iandike hivi: vanishi nyembamba kwanza, kwenye kitako pasipoonekana, ikikauka ndo wino, halafu vanishi tena, ili siku ya kufuta namba chungu kisiumie. Na peni ya mfukoni iache mlangoni, humo stoo maandishi mengine ni penseli.

Sasa hiyo kanga. Ulianza na "kanga ni vazi la wanawake wa pwani", si ndio? Tanga hapo nani hajui kanga jamani! Anza na jina lake, yale maandishi. Za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kilatini zikaja baadaye, kwa hiyo herufi zenyewe zinakupa fununu ya umri. Ukikuta K.H.E. Mali ya Abdulla hiyo ni ya kina Kaderdina wa Mombasa, duka la tangu 1887.

Halafu fungua daftari la kupokelea vitu, aliyeileta ameandikwa, mtafute yeye au wanawe. Mi nilimfuata bibi mmoja aliyetoa mbuzi ya kukunia nazi, akanionesha pale kwenye kibao palipochimbika, kumbe watoto wake wote walikuwa wanakalia upande uleule. Hiyo ndo ikawa lebo yangu, mistari mitatu, watu walikuwa wanainama kupaangalia.

Kingine, ukiona chumba cha nguo kina giza usidhani wanabana luku, mwanga unapausha rangi na ikishapauka hairudi, ndo maana nguo kawaida haipewi zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Kwa hiyo kanga yako usiipendekezee dirishani, bosi atalichana na pendekezo hilo pia.