Jaji wa lesi hutazama nini kwanza?

SWALI: Niliingiza kwenye mashindano pindo la kitambaa cha mkono, lesi ya bobini (inayosukwa kwa nyuzi zilizozungushiwa vijiti vidogo) yenye majani mengi, nikashindwa na ukanda mwembamba wa mchoro rahisi. Je, ugumu wa kazi hauhesabiwi?

JIBU: Ndugu msomaji, ugumu huhesabiwa, ila kwa kawaida huja baada ya ufundi wenyewe, na mara nyingi huamua pale kazi mbili zinapokaribiana kwa usafi. Jambo la kwanza ni mkazo wa uzi. Lesi ya bobini hushikiliwa na pini na uzito wa bobini tu wakati wa kusukwa, kwa hiyo mkono ukikaza leo na kulegea kesho, ukingo wa kushonea huyumba na matundu hayalingani tena.

Majani ndiyo huadhibu zaidi. Jani, yaani umbo dogo lililojazwa kwa kusukwa, hufanywa kwa nyuzi nne, mmoja ukipita juu na chini ya nyuzi tatu zilizotandazwa. Huo unaopita ukivutwa kidogo tu kabla jani halijafungwa, jani lote hunywea likawa kama kijiti. Jaji hatafuti jani lako zuri kuliko yote, bali hutazama kama yote yamefanana, na kadiri yanavyozidi ndivyo tofauti inavyojitokeza.

Kisha kazi hugeuzwa ili kuona nyuzi zilivyoungwa. Uzi mpya unapaswa kulazwa sambamba na wa zamani kwa umbali wa pini kadhaa, ndani ya sehemu iliyosukwa kwa kubana, ndipo ncha zikatwe. Fundo katikati ya kazi hupunguza alama. Katika pindo linalozunguka, mwanzo na mwisho hukutana mahali fulani, nami hupatafuta kwa lenzi, na nisipopaona hufurahi kwa dhati, kwa kuwa najua subira iliyotumika hapo.

Uzi nao uendane na mchoro: mnene mno hujaza nafasi zilizopaswa kubaki wazi, na mwembamba mno huifanya lesi ikose umbo. Madoa na mshono mbaya wa kuiunganisha lesi na kitambaa huonekana mara moja. Soma pia masharti ya kundi lako, maana kazi inayozidi vipimo inaweza kuondolewa hata ikiwa bora.

Tandaza pindo lako juu ya kitambaa cheusi, ulitazame ukiwa umesimama mbali kidogo, kisha uligeuze na kufuata ukingo kwa kidole hadi kwenye maungio.