Dawa ya kung'arishia kisu cha springi

Ndugu, umesema kisu chako cha springi ya gari kinabaki na ukungu hata ukikipitisha kwenye gurudumu la kitambaa lenye dawa ya kijani. Kosa liko kwenye msasa. Dawa ya kijani ni kromiamu oksaidi, chembe zake ni laini mno kufuta mkwaruzo wa msasa wa namba 220 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi). Panda 220, 400, 600, kisha 800 ya maji, kila namba ukisugua kwa kukatiza mistari ya iliyotangulia. Inamisha bapa kwenye mwanga. Ukiona hata mstari mmoja wa zamani, usisonge mbele.

Mistari ikiisha, tumia dawa nyeusi ya emeri (unga wa jiwe gumu la kusagia), halafu ya kijani, kila moja na gurudumu lake. Chembe chache tu za nyeusi kwenye kitambaa cha kijani zitakukwaruzia upya. Osha kisu kwa mafuta ya taa kabla ya kuhamia ya kijani.

Ulizia vipande vya dawa hizi kwenye maduka ya zana za vyuma. Dawa nyekundu ya masonara iache, hiyo ni ya dhahabu. Ile ya wapaka rangi magari hukata polepole mno kwenye chuma kigumu.

Tafadhali sana: makali yaelekee chini, gurudumu lizunguke likiyaacha. Likiyadaka, kisu kitaruka. Kisu kikiunguza vidole, kichovye majini. Makali yakigeuka rangi ya majani makavu, ugumu umeanza kupotea.