Mwanangu Kulwa, kuhusu gari la nyuki

Mwanangu Kulwa,

Habari za Manyoni? Huku Sikonge hatujambo, isipokuwa baba yako na mgongo wake, na Doto ambaye hajambo ila hasemi. Picha zako mbili nimezipata: Kirikuu nyeupe namba D ya milioni 8, na ile Hilux kuukuu namba B ambayo mwenyewe anataka milioni 13. Umeuliza ipi itabeba mizinga mingi kwa safari moja, uwahi alizeti kabla maua hayajakauka. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikata kauli.

Hilo la mizinga mingi ni hesabu ya dakika mbili. Kirikuu ni injini ya cc 660, na Mjapani aliyeiunda aliipangia mzigo wa kilo 350, basi. Mzinga wako wa fremu ukiwa na nyuki na masega, kabla haujajaa asali, tuuhesabu kilo 25. Mizinga 14, umemaliza. Najua vijana wa sokoni wanaipakia matofali mpaka pua inaangalia mbinguni, lakini tofali halina watoto ndani. Hilux itachukua ishirini na kitu bila kuhema. Haya, nimekujibu.

Ila hukuuliza kama linawaka. Gari la nyuki ni kuwaka, mwanangu. Ukiwa na magunia ya mahindi gari likazima, unatandika kanga chini ya mti unamsubiri fundi. Nyuki hawakupi nafasi hiyo. Gari likitembea usiku, upepo unapita kwenye wavu na wao wanatulia. Likisimama, wanaanza kutafuta mlango. Jua likiwakuta wamefungwa hivyo, wanapashana joto wenyewe kwa wenyewe, nta inalegea, sega linadondoka na asali yake, na walio chini wanazama. Nimeyaona hayo, na unajua niliyaona wapi.

Hadithi ya Chaya mnaisimulia kila Krismasi: Mjomba alizima gari. Mnacheka, naye anacheka, Doto anaigiza anavyozungusha ufunguo. Sasa ngoja niisimulie mimi.

Ilikuwa 2009, mwezi wa tatu, ninyi mko darasa la tatu. Tulikuwa na mizinga 12 ya masanduku, ile ya vijiti vya juu, tunaipeleka kwenye alizeti upande wa Itigi. Baba yako alibaki nanyi. Tuliondoka magharibi, tumeziba matundu kwa majani mabichi na kumwagia maji juu. Siku hizo kipande cha Nyahua hadi Chaya hakikuwa na lami, mashimo tu, na mvua ilikuwa imekatika juzi yake. Mwendo ukawa wa kobe. Mjomba aliambiwa asizime injini, na kweli hakuizima tulipojaza mafuta, hakuizima tulipokwama kwenye tope. Alfajiri tukafika kwenye kizuizi, kijana akatoka na tochi, akasema, "Zima gari, mzee, tuone kibali." Mjomba wako kakulia seminari. Akiambiwa na mtu mwenye sare, anatii. Akazima.

Kibali kilikuwa safi. Akazungusha ufunguo: tak. Akazungusha tena: tak.

Kulishtua kulihitaji watu wanne wa kusukuma. Tulikuwa wawili, na wale vijana wa kizuizi walipogundua kilichomo kwenye masanduku, wakakumbuka wana kazi ndani. Mjomba akaingia uvunguni na nyundo kuigonga stata. Sasa fikiri mwenyewe: nyundo inagonga chuma, chuma kimeshikana na bodi, bodi imebeba nyuki. Mzinga mmoja ulikuwa na ufa ambao usiku hatukuuona. Nikasikia harufu kama ya ndizi mbivu, na pale hapakuwa na ndizi. Wewe unaijua harufu hiyo, ni nyuki anaitana na wenzake. Nikamwambia Mjomba atoke, akasema, "Bado kidogo, dada." Alitoka na sikio moja limekuwa kama andazi.

Jua likapanda. Nilikuwa na ndoo moja ya maji, naimwaga juu ya masanduku, nakimbia kwenye pampu, narudi, vazi la nyuki limenigandama mgongoni. Saa tatu ikapita lori ya mbao. Dereva alipandisha vioo vyote katika joto lile, akaturushia kamba, akatuvuta hatua mia hivi mpaka injini ikashika. Hakushuka hata kuidai kamba yake. Ndiyo ile ya bluu tuliyofungia ndama mpaka ikakatika. Tulipofika kwenye alizeti, mizinga 5 ilikuwa kimya. Nilipofungua wa kwanza, asali ilitiririka nyeusi, imejaa mbawa.

Hiyo ndiyo hadithi mnayoijua. Sehemu ya mwanzo wake hamuijui.

Tulipokwenda Tabora kuinunua ile pikapu, mwenyewe aliiwasha mbele yetu ikagoma. Tak. Akacheka, akaingia uvunguni na nyundo, akaigonga, ikawaka. Akasema, "Stata ni kitu kidogo, mama." Baba yako akanivuta mkono, akasema twende zetu. Mimi nikaona upenyo. Nikamwambia yule bwana: kama ni kitu kidogo, punguza laki mbili. Akapunguza! Njia nzima kurudi Sikonge nilivimba kichwa, nilimsimulia kila mtu nilivyombana mwenye gari. Laki mbili ile ilikuwa ya stata, ndivyo nilivyomwambia baba yako. Nikanunulia mabati ya jiko. Mabati hayo hayo unayoyajua.

Sasa aliyezima ni nani? Najitetea wakati mwingine kwamba jiko lilikuwa linavuja, na masika haimsubiri mtu, na Mjomba angeweza kumwambia yule kijana "injini hii haizimwi." Angeweza. Lakini stata nzima huzimwa na kuwashwa mara kumi kwenye kizuizi na hadithi haipo. Baba yako hajawahi kunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Afadhali angesema.

Basi kwa hizo zako mbili. Nenda asubuhi na mapema bila kupiga simu kwanza. Kabla ya salamu, weka kiganja juu ya boneti, na kwa Kirikuu weka chini ya kiti, maana injini yake inakaa hapo. Ukikuta joto, limeshawashwa ukiwa njiani, jiulize kwa nini. Liwashe likiwa baridi, lizime, liwashe tena, lizime, mara tano, hata akinuna. Likishapata moto vizuri, lizime na uliwashe hapo hapo, kuna yanayogoma yakiwa ya moto tu. Namba ya chesisi ilingane na kadi, hilo nadhani sina haja ya kukwambia.

Halafu tazama bodi kwa macho ya mtu anayenyanyua mzinga saa nne usiku. Kirikuu iko chini na inafunguka pande tatu. Wewe na mkeo mnapakia bila kuita mtu. Hilux utanyanyua mpaka kifuani, na saa hizo nani yuko macho akusaidie? Tena Hilux ikiwa na mzigo mdogo springi zake ni ngumu kama benchi, inarusha, na masega mapya hayapendi kurushwa. Lakini Kirikuu kwenye mchanga wa huko kwenu... mh. Matairi madogo yale. Na ukipakia 14 utakwenda safari tatu kuhamisha mizinga yako 40, usiku tatu, mafuta mara tatu. Ingawa kwa mafuta Kirikuu hainywi. Hapo najikuta narudi nilikotoka.

Lolote utakalochukua, fremu zilale kufuata urefu wa gari, ili ukifunga breki masega yasigongane. Na taa ya ndani usiwashe, nyuki aliyepotea gizani anafuata mwanga. Ukitaka kuona, funika tochi kwa kitambaa chekundu, wekundu hawauoni.

Sikuchagulii, Kulwa. Nilichagua mara moja, unaona. Ila kama ile Kirikuu itawaka mara tano ikiwa baridi, na mwenyewe akakubali kushuka kidogo bila wewe kutaja kasoro yoyote... Sisemi. Amua mwenyewe. Akianza kukupunguzia kwa sababu ya kitu fulani kidogo, kitengeneze kitu hicho wiki hiyo hiyo, kabla hujanunua bati wala kitenge.

Mjomba wako yupo Itigi mpaka Jumapili. Mpitie aende nawe, masikio yake bado yanasikia injini kuliko fundi yeyote ninayemjua. Ya laki mbili usimwambie. Krismasi, Doto akianza kuzungusha ufunguo, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako