Re: Shauri langu la kwanza la mirathi. USIFUNGUE HUKO!

Simama hapo hapo. Hilo faili lisiende popote Jumatatu.

Umeuliza mambo manne: kama wakili mpya anaweza kuishi kwa mirathi, wosia na ulezi peke yake; atoze vipi; kama kozi ya ziada inalipa; halafu mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukadokeza kwamba mteja wa kwanza ameshapatikana. Mstaafu wa serikali, Mkristo, ndoa ya kanisani, ameacha mjane na watoto, nyumba Dar es Salaam ya kama milioni 120, ekari kadhaa kijijini, wosia hakuna. Familia "imekubaliana" kufungua Mahakama ya Mwanzo kule kijijini kwa sababu shangazi anaishi jirani na mahakama. Na mkubwa wako ofisini kakwambia haina shida, zote ni mahakama.

Hayo matatu ya mwanzo yatasubiri. Hili la nne ndilo litakalokula jina lako.

"Zote ni mahakama." Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na mtu mwenye miaka mingi kazini kuliko nywele alizobaki nazo kichwani. Nikaamini. Yaliyofuata sisimulii, presha yangu haijazoea. Ila nikiona mtu anaandika sentensi hiyo humu, wakili msomi, mkono unatetemeka. Wanaoisema huwa hawasaini chochote. Saini ni yako, kiapo ni cha mteja wako, na siku faili likianguka wao wako kwenye warsha Dodoma wanakula posho.

Twende kwenye sheria. Mahakama ya Mwanzo inapata mamlaka ya mirathi kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11: kifungu cha 18 na Jedwali la Tano. Masharti ni mawili na yote lazima yatimie. La kwanza, sheria inayotumika kwenye mirathi hiyo iwe ya kimila au ya Kiislamu. La pili, marehemu awe alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Makazi ya marehemu, nasisitiza, si ya shangazi. Mtu aliyeishi Dar es Salaam mpaka mauti yakamkuta huwezi kumfungulia mirathi kijijini kwa sababu kaburi liko huko. Kwa hiyo kwa maelezo yako unakaribia kukosea mara mbili kwenye fomu moja. Hongera, wengi wetu tulianza na kosa moja moja.

Sasa watu husoma sharti la kwanza wakaruka moja kwa moja kwenye dini: Mwislamu Mahakama ya Mwanzo, Mkristo Mahakama Kuu, basi. Siyo hivyo. Kubatizwa peke yake hakumtoi mtu kwenye mila yake. Mahakama zetu zinapima namna alivyoishi na nia yake, na kipimo hicho ni cha zamani. Katafute Re Innocent Mbilinyi ya 1969, Mngoni aliyeoa Mchaga, akaishi Dar es Salaam, na mahakama ikaona alishaachana na maisha ya kimila. Kinachoangaliwa ni maisha mazima. Alifunga ndoa ya aina gani? Aliishi wapi na kwa muda gani? Alikuwa anahudhuria vikao vya ukoo na kutoa michango, au alikuwa anatuma salamu tu? Lile shamba la kijijini alipewa na ukoo au alilinunua? Aliwahi kusema au kuandika lolote kuhusu mali yake igawanywe vipi? Alizikwa kwa utaratibu gani? Hakuna kimoja kinachotosha chenyewe. Unavikusanya vyote, unaviandikia ukurasa mmoja wa maelezo ndani ya faili lako, na unaweka tarehe. Huo ukurasa ndio utakaokuokoa miaka mitano mbele.

Na usidhani huu ni ubishi wa mawakili wenye muda. Chukua hiyo hiyo nyumba ya milioni 120, tuseme yote ni mali ya marehemu baada ya kutoa madeni, gharama za mazishi na stahiki ya mjane mwenyewe kama mchumaji mwenza (na hiyo uitoe kweli, wengi wanaisahau). Kwa sheria ya urithi ya India ya 1865, ambayo bado ndiyo inayotumika kwa marehemu aliyeishi nje ya mila na Uislamu, mjane akiwa na watoto anapata theluthi moja: milioni 40. Kwa Uislamu mjane mwenye watoto anapata thumni, moja ya nane: milioni 15. Kwa tangazo la sheria za mila, GN (Tangazo la Serikali) 436 ya 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Sifuri. Milioni 40, milioni 15, sifuri, na mama ni yule yule, aliyelala hospitali na mgonjwa. Sasa niambie nani anafaidika shauri likifunguliwa kama la kimila. Kwenye familia nyingi anayesema "tufungue hapa hapa, ni karibu" amepiga hesabu hiyo kabla yako. Simsemi shangazi yako. Nasema tu uangalie.

Usichoweza kurekebisha ndicho hiki: mamlaka ya mahakama hayapatikani kwa makubaliano. Warithi wote kumi wasaini, muhtasari wa kikao uwe na mihuri ya mwenyekiti wa kijiji mpaka wa kwaya, hakimu aridhike, barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi itoke, bado pingamizi la mamlaka linaweza kuinuliwa wakati wowote, hata kwenye rufaa, na Mahakama Kuu inaweza kuliona yenyewe kwenye marejeo, yaani inapokagua mwenendo wa mahakama ya chini. Likikubaliwa, mwenendo wote unafutwa, si uamuzi peke yake. Barua ya uteuzi inakufa nayo.

Na kwa wakati huo kuna nini mezani? Msimamizi ameshapeleka barua kwa Msajili wa Hati, amesajiliwa kama mwakilishi wa marehemu kwa kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, ameuza. Mnunuzi amebomoa uzio, amejenga fremu mbili za duka. Fedha zimegawanywa, kijana mmoja amenunua bodaboda tatu, mwingine hajulikani aliko. Sasa mnunuzi anatetea hati yake, mjane anadai tofauti ya fungu lake, msimamizi anadaiwa hesabu ya fedha ambazo hana, na wewe uliyeandika nyaraka unageuka shahidi mtarajiwa, huwezi hata kumwakilisha mtu. Anayeinua pingamizi mara nyingi ni yule aliyesaini kukubali, akala fungu lake, likaisha, akakutana na wakili mwingine.

Kisha mnaanza upya mahakama sahihi, na hapo ndipo kejeli inapokolea. Kanuni za Mirathi (GN 10 ya 1963), kanuni ya 31: maombi yakiletwa baada ya miaka mitatu tangu kifo, lazima uandike maelezo ya kuchelewa. Miaka mitatu mliyoimaliza kwenye mahakama isiyohusika. Jaribu kuliandika hilo kwenye maombi kwa lugha isiyokuaibisha. Nimejaribu. Haipo.

Kwa nini basi watu wanakimbilia Mahakama ya Mwanzo? Kwa sababu kule juu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, kuna maombi yenye viambatisho, viapo, ridhaa ya warithi, tangazo, na dhamana ya msimamizi yenye wadhamini. Wadhamini ndio wanaowatoa watu jasho. Sasa kikwazo kile kile kinachokuudhi ndicho kinacholinda mali ya watoto. Mtu asiyeweza kupata mdhamini hata mmoja katika ukoo mzima, je, ni wa kukabidhiwa nyumba ya milioni 120? Na kupanda juu si lazima kuwe Mahakama Kuu. Mahakama ya Wilaya inasikiliza mirathi midogo (soma kikomo cha thamani kilichopo sasa, hubadilishwa), na yapo mashauri yasiyo na ubishi ambayo hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu anaweza kutoa barua ya usimamizi. Ubishi ukizuka, faili linapanda.

Kanuni yangu ni moja, ibandike ukutani: sheria ya marehemu kwanza, mahakama baadaye, fomu mwisho. Ukiwa na shaka, panda. Kosa la kupanda kwa kawaida linakula muda na ada. La kushuka linakula shauri zima.

Utasema lakini mawakili siku hizi wanaruhusiwa Mahakama ya Mwanzo. Ndiyo, tangu mabadiliko ya 2021, pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Ruhusa yako ya kusimama pale haiongezi mamlaka ya mahakama hata chembe. Zamani tulikuwa tunaandika nyaraka nyuma ya pazia na mteja anazibeba mwenyewe. Jina lako halimo kwenye kumbukumbu ila namba yako ya simu kila mtu anayo.

Mengine kwa haraka maana nimeandika sana. Popote utakapofungua, barua ya uteuzi si mwisho wa kazi. Mahakama ya Mwanzo: Fomu Na. V, orodha ya mali na madeni, ndani ya miezi 4; kisha hesabu kwa Fomu Na. VI. Kwa Sura ya 352, kifungu cha 107: orodha ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka mmoja. Unahitaji muda zaidi, omba kabla haujaisha. Kutowasilisha kwa makusudi bila sababu ya msingi ni moja ya sababu za kumvua usimamizi mtu. Weka tarehe hizo kwenye simu yako siku ile ile barua inatoka, usimwachie mteja. Mteja akishashika barua hapokei simu.

Ada: toza kwa hatua, iandike, na usikubali kulipwa kipande cha nyumba hata wakikubembeleza. Fedha za mauzo ziingie akaunti ya mirathi, si yako. Watoto: kumlea mtoto si kusimamia mali yake. Baba mdogo anayekaa na watoto hapati fungu lao mkononi kwa sababu anawapikia ugali, na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Zanzibar ni habari nyingine kabisa, wana Mahakama za Kadhi, usinukuu haya ukiwa Unguja.

Sasa fanya hivi leo. Piga simu kwa mjane, si kwa shangazi. Omba nakala ya cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Muulize marehemu aliishi wapi miaka yake ya mwisho, shamba alilipataje, na kama aliwahi kuacha wosia popote. RITA wanahifadhi wosia, kwa hiyo "hakuna wosia" ya shangazi usiichukulie kama kiapo. Halafu rudi hapa uandike cheti cha ndoa kinasemaje na shamba lilitoka wapi. Jina la marehemu usiweke.