Jibu: Upatanishi haukunyimi haki ya kushtaki, ila chunga muda

Umeuliza kama kukaa na hospitali unayotaka kuishtaki mbele ya mpatanishi kutakunyima haki ya kwenda mahakamani. Hapana. Mpatanishi hatoi hukumu, msipoelewana, unashtaki. Hatari ni ukomo wa muda wa kufungua kesi, ambao mara nyingi huendelea kuhesabika mkiwa bado mnazungumza. Kama sheria ya kwenu inaruhusu, dai makubaliano ya maandishi ya kuusimamisha kabla ya kikao cha kwanza.

Uwakili shirikishi, alioubuni wakili Stuart Webb kule Minnesota, Marekani, mwaka 1990, ni kitu kingine: kila upande huja na wakili wake na mnakubaliana kumaliza nje ya mahakama; mkishindwana, mawakili wa pande zote hujitoa, unaanza upya na mwingine (hapo gharama usiulize). Ukienda kwa mpatanishi, beba nakala ya faili zima la matibabu, si karatasi ya kuruhusiwa tu. Na upande wa hospitali aje mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo.