Meno ya mtoto yakibanana: linda nafasi kabla ya kufikiria kung'oa

Mtoto wa miaka 6 au 7 akifungua mdomo na kuonyesha safu mbili za meno ya mbele chini, jipya limechomoza upande wa ulimi na la utoto bado lipo mbele yake, wazazi hushtuka. Msiwe na haraka. La utoto likitikisika, mtoto aendelee kulitikisa mwenyewe. Likishadondoka, ulimi husukuma jipya mbele taratibu. Ikipita miezi miwili au mitatu na bado halichezi, daktari wa meno aling'oe hilo hilo. Machonge ya utoto ya pembeni yasiguswe kwa kisingizio cha kupata nafasi bila mpango wa kuishikilia, maana yakiondoka meno ya mbele hulala ndani kuelekea ulimi na safu nzima hufupika.

Meno manne ya mbele ya ukubwani, kwa chini, yana jumla ya upana unaozidi yale ya utoto kwa kama milimita 6. Juu ni kama 7. Kwa hiyo kubanana kidogo kwenye miaka 7 na 8 ni jambo la kawaida. Mtoto wa miaka 5 mwenye mianya kati ya meno yake yuko vizuri. Wa kufuatiliwa ni yule ambaye meno ya utoto yamekaa sako kwa bako.

Tena mdomo una akiba yake. Gego la pili la utoto la chini ni pana kuliko jino linalolirithi, kama milimita 2 kila upande. Likidondoka kwenye miaka 10 hadi 12, gego la ukubwani lililo nyuma yake husogea mbele na kuimeza nafasi hiyo. Hapa ndipo watoto wengi wangeokolewa na kifaa kidogo: pete mbili kwenye magego ya ukubwani ya chini, zimeunganishwa na waya wa kama milimita 0.9 unaopita nyuma ya meno ya mbele. Sharti uwekwe kabla gego hilo la utoto halijatoka. Mkichelewa hata nusu mwaka, akiba imeshaliwa. Ukiwekwa kwa wakati, milimita 4 za upungufu hupatikana bila kung'oa jino lolote la kudumu. Kasoro yake ni simenti inayogandisha pete kwenye gego: pete ikilegea, chakula huingia chini yake na gego huoza kimyakimya. Iangaliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mzazi aibonyeze kwa kidole kila wiki. Ikicheza, msisubiri tarehe ya kliniki.

Mwizi mkubwa wa nafasi ni kuoza. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6 nyuma ya magego yote ya utoto, bila jino lolote kudondoka. Wazazi hudhani ni la utoto, wakaliacha. Na gego la utoto lililooza likingʼolewa mapema, lile la nyuma huinama mbele, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea ndani ya miezi 6 ya kwanza. Ombeni kwanza lizibwe, au litibiwe kiini na kuvikwa kofia ya chuma. Likishindikana kabisa, siku ya kung'oa muulize kuhusu kishikilia nafasi: pete kwenye jino moja na kitanzi cha waya kinachogusa jino la upande wa pili wa pengo. Kifaa hicho hutolewa pale jino jipya linapochungulia. Na mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha asikwanguliwe fizi kwa madai ya "meno ya plastiki". Kinachotolewa pale ni vijichonge vya utoto, na chonge la kudumu lililo chini yake huweza kuota limeharibika au lisiote kabisa.

Kupanua taya la juu kunafaa pale ambapo taya ni jembamba kweli na magego ya juu yanauma ndani ya yale ya chini. Kifaa kina skrubu katikati ya kaakaa. Mzazi huingiza ufunguo na kuusukuma kutoka mbele kwenda nyuma mpaka tundu linalofuata lionekane. Robo mzunguko huo ni milimita 0.25. Mara ngapi kwa siku aseme daktari. Ufunguo utolewe kwa kuushusha nyuma, kwani ukiurudisha mbele unafuta ulichokifanya. Mwanya ukifunguka kati ya meno mawili ya mbele, ni dalili kwamba mfupa umeachana, hujifunga wenyewe. Kisha kifaa hubaki miezi 3 hadi 6 bila kuzungushwa ili mfupa ujae. Baada ya balehe kiungo cha kaakaa hukaza, na skrubu huishia kuyainamisha magego nje. Taya la chini halina kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo anayeahidi kulipanua kwa skrubu atasukuma meno nje ya mfupa, na fizi zitashuka.

Upungufu mdogo wa nafasi kwa mtoto aliyekwisha kuota meno yote humalizwa kwa kusaga pembeni mwa meno, milimita 0.25 kila upande. Ukizidi milimita 8 au 10, au midomo haifungi bila kukazwa, kung'oa kunaweza kuwa ndiyo tiba sahihi. Daktari atoe kipimo kwa milimita, na picha ya eksirei inayoonyesha meno yote yaliyo chini ya fizi, kabla ya kuamua lolote. Waya wa kunyoosha meno usianze kwa kuangalia kwa macho tu.

Kwetu Arusha kuna jambo la ziada: floridi. Maji ya miteremko ya Meru, Maji ya Chai na Ngurdoto, pamoja na magadi ya kulainishia kande, huharibu ganda la meno yanayoumbika, na vifungo vya waya hubanduka kirahisi kwenye jino la kahawia. Mkumbushe daktari hilo mapema. Anaweza kurefusha muda wa asidi inayopakwa kwenye jino ili gundi ya vifungo ishike, na kutumia pete kwenye magego. Mtoto naye aache kumenya miwa kwa meno na kutafuna mahindi ya kuchoma kwenye gunzi. Yapukuchue kwanza.

Meno yakishanyooka hutaka kurudi, ya chini zaidi. Kishikizi, yaani kifaa cha plastiki cha kuyashikilia yasirudi, kivaliwe kila usiku kwa miaka, kisuuzwe kwa maji ya baridi, kwani ya moto huikunja plastiki yake, na kisipomwingia mtoto vizuri siku moja, mpigieni daktari wiki hiyo hiyo.